Mlango Unaolia Mara Mbili

Mtani wangu Shomari,

Mzaramo wewe, umenichosha. Ulipokuwa hai ulinichosha, sasa umekufa na bado unanichosha. Nimekaa hapa barazani kwako Kipawa, shemeji yumo ndani kwenye eda yake, na hilo gari lako jekundu liko mbele yangu. Sina hata nguvu ya kulitukana. Kukutukana wewe ndiyo kazi niliyoachiwa na babu zangu wa Unyamwezi, na siku ya mazishi niliifanya vizuri: niliuigiza mwendo wako, ule wa kutembea huku unazungusha ufunguo kidoleni, watu wakacheka mpaka wakalia. Halafu nikarudi nyumbani, nikajifungia chooni, nikalia peke yangu. Sasa sina wa kumtukana akanijibu.

Haya, nikupe habari za gari, maana najua ungeliulizia hilo kabla ya watoto.

Lipo. Ruksa ya biashara ilipoingia na vitu vya nje vikajaa mjini, wenzako walinunua pikapu wakabebea mizigo. Wewe ukaleta kigari cha spoti, milango miwili, kimelala chini kama kenge, kwenye mchanga wa Kipawa! Nilikuuliza hiki kitabeba nini. Ukaninyanyulia ule mlango wa nyuma, kioo kitupu juu mpaka chini, ukasema, "Kitabeba chochote mtani, ila kukifunga ni kwa adabu." Tukabebea nazi, tukabebea mkaa, na safari moja tukabebea mbuzi wa akika wa jirani. Na kila mtu akisogea kufunga, ulipiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Usibamize! Usisukume kioo!" Mtu ashushe polepole, aweke viganja viwili chini kabisa, juu ya kitasa, akandamize mpaka mlango ulie mara mbili. Mlio wa kwanza unakudanganya, ndivyo ulivyokuwa ukisema. Mie nilikuwaga nachoka, nakuuliza gari gani hilo la kubembelezwa kama bibi harusi. Leo sicheki.

Sasa sikiliza yaliyotukuta siku ya arobaini yako. Na usinikatize.

Hitma ilisomwa hapa hapa kwako. Watu walipokwisha kula, Bi Mkubwa, mama yako, akataka kurudi kwake Temeke. Dereva ni mie siku hizi, nani mwingine? Tukapakia nyuma mkeka wake na sufuria kubwa la pilau ya majirani zake. Mdogo wako Kondo ndiye aliyefunga ule mlango. Unamjua Kondo. Aliubamiza kwa nguvu zake zote, ukalia mara moja, ukatulia, kwa macho ukaonekana umefunga. Mie nilikuwa naagana na watu. Bi Mkubwa akakataa katakata kukaa mbele, akang'ang'ania kiti cha nyuma ili aushike mfuniko wa sufuria, pilau isimwagike. Tukapandisha vioo kwa sababu ya vumbi, kifua chake si unakijua.

Mwanzoni alikuwa anaongea, anakutajataja. Tulipoingia barabara ya Pugu akanyamaza. Nikamtazama kwenye kioo, amejifunika khanga usoni, kichwa kimeegemea pembeni. Nikataka kumwita. Kondo, aliyekaa mbele pembeni yangu, akanigusa mkono, akaninong'oneza, "Muache, analia." Nikamwacha. Ndivyo tulivyolelewa, mtani, mama anayemlilia mwanawe humkatizi. Tukazima redio. Tukakaa kimya, watu wazima wawili na adabu zetu, huku moshi wa gari unaingia kwa nyuma na kumjaa mama wa watu kifuani.

Kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani ni uchovu wa shughuli. Karibu na Veterinari kichefuchefu kikanishika, nikasimamisha gari. Nikazunguka nyuma. Mlango uko wazi upana wa vidole viwili. Ya Rabi! Nikarudi mbio naita, "Mama! Mama!" Nikaivuta khanga, macho yamelegea, hajibu. Tulimtoa kwa taabu pale pembamba nyuma ya kiti cha mbele, Kondo analia kwa sauti, mie namtukana Kondo matusi ambayo si ya utani. Mama lishe mmoja akaacha wateja wake, akautandika mkeka kivulini, akampepea kwa ungo. Mwenzake akaja mbio na maziwa. Alipotapika ndipo na mie nikapumua. Zahanati wakamlaza mpaka jioni, kisha wakamruhusu. Yuko hai, Shomari. Tulia.

Tangu siku hiyo Kondo hali vizuri. Anasema gari liuzwe, lichomwe, litupwe baharini. Shemeji anasema kupitia dirishani kwamba nitakaloamua mie ndilo hilo hilo. Kila mtu ananitazama mie, na mie nimechoka kutazamwa. Juzi nikamtoa Kondo nje, nikamfungisha ule mlango asubuhi nzima. Shusha. Weka viganja. Kandamiza. Rudia. Nilikuwa bado nina hasira naye, siwezi kukuficha. Mwishowe akaufunga sawasawa, akaweka paji la uso wake juu ya kile kioo, akabaki hapo hapo hainuki. Nikamwambia basi, inatosha, twende tukanywe chai.

Jana nikaenda Temeke kumtazama Bi Mkubwa. Nikampa shikamoo yake, nikakaa kwenye jamvi, na swali lililokuwa linaninyima usingizi likanitoka. Nikamuuliza, mama, ule moshi hukuusikia? Mbona hukusema hata neno?

Alikaa anakunja pindo la khanga, analikunjua. Akasema aliusikia tangu kona ya kwanza. Akasema ndiyo harufu uliyokuwa ukiingia nayo ndani kwake kila Ijumaa ulipokwenda kumsalimia, nguo zako zilinuka vile vile. Akaogopa akisema neno tutashusha vioo, na harufu itatoka.



Gari haliuzwi. Bi Mkubwa kakataa, na mie sina ubavu wa kumnyang'anya. Ila nakuahidi hili: kila atakapopanda, mie mwenyewe nitakuwa nimeshapita nyuma na viganja vyangu, na vioo vitakuwa chini, vumbi tutalila sote. Atakuja huko uliko, hilo halina mjadala. Lakini hatakuja kwa uzembe wetu.

Basi, Mzaramo. Mungu akupumzishe, na mie nipumzike kidogo. Mngoje mama yako. Usimwite.