Mapasa Bangali Ndani

Musonoi, tarehe 9 mwezi wa pili, 1958

Stanislas, mujukuu yangu, bwana yangu wa uongo,

Njia ya Kolwezi imefungwa? Treni ya Élisabethville inafika hapa, inashusha bantu, mi nasimama kutazama sura zao, we haushuki. Noeli umekosa. Nilipougua kifua umekosa. Kama miguu inakuuma sema, tutakuletea kitanda mupaka stesheni. Mi niko muzima, usiulize.

Sasa sikia. Bibi yako Mianda amezaa. Si mutoto mumoja. Mapasa, banaume babili: Mbuyi alitoka mbele, Kabanga akamufuata akilia kama mwenye nyumba. Bote bananyonya, mama yao anakula muzuri. Lakini bako ndani na mulango umefungwa, na we unajua sababu. Kwetu Baluba mapasa habatoki kwenye jua mupaka baba na mama basimame pamoja mulangoni, banamuke babapake pemba, ule udongo mweupe, na kubatukana kwa nyimbo, matusi yote ya tumbo na ya kitanda, mupaka haya iishe. Baba, nasema. Banamuke ya kambi ya mugodi banasafisha koo tangu jana. Kuja.

Anayeandika ni katekista Ngeleka. Mi nasema, yeye anaandika. Pakiwa na kosa, ni lake.

Kaku yako,
Mbelu

Élisabethville, tarehe 16 mwezi wa pili, 1958

Kaku yangu mupenzi,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje, hata kama umenikataza kuuliza? Mi muzima. Nilisoma barua yako ofisini nikaruka, chef, mukubwa wa kazi, akafikiri nimeumwa na siafu. Mapasa!

Lakini unielewe. Ile kazi niliyokuambia, maandiko yangu juu ya nyimbo za mapasa, imefika mwisho. Padri mwenye revue, kile kitabu cha wasomi kinachotoka mara chache kwa mwaka, amesema nikimupelekea mwisho wa mwezi huu atayachapa. Tena atanitoa kwenye ukarani, niwe musaidizi wake. Kazi ya kusoma, kaku! Hakuna mutu mweusi aliyeipata pale. Ninapiga maandiko kwa masini ya ofisi, siku ya mungu tu, ofisi ikiwa tupu, kwa bidole bibili. Nikiondoka sasa itanipita.

Namutuma mudogo yangu Kazadi asimame pahali pangu. Damu ni moja. Nimemupa shati yangu na kuku. Na we mwambie katekista aniandikie maneno ya wimbo ule wa kutoka mulangoni, yote. Sehemu ile njo ninayokosa.

Mujukuu yako,
Stanislas

Musonoi, tarehe 27 mwezi wa pili, 1958

Stanislas,

Uko muzima, nimesikia. Basi.

Kazadi alifika, shati yako imemumeza mupaka magoti. Nikamuuliza: "Unajua unakuja kufanya nini?"

"Kusimama tu, kaku."

"Na Mianda?"

"Atasimama pembeni yangu."

"Na banamuke bataimba nini?"

Akaangalia biatu. Anajua! Wimbo unamupa mwenye kusimama pale jina la Shambuyi, baba ya Mbuyi, na Mianda jina la Mwambuyi, na unasema wazi alifanya nini na mama yao. Ukisha kuimbwa hauondoki. Kazadi angetoka pale na bibi na batoto, na we ungebaki baba mukubwa, ukileta sukari siku ya Noeli. Mianda akapiga kelele toka ndani: "Aache kuku, aende!" Kuku tulikula.

Maneno ya wimbo nilimuimbia katekista. Ameandika hivi: "Shambuyi, — yako uliitia katika — ya Mwambuyi." Anasema mukono wa kuandika njo anapiga nao alama ya musalaba. Nikamwambia, na we Ngeleka ulitoka katika —. Hapo pia ameweka kistari, mutazame.

Mianda halali. Bati ya nyumba inawaka joto, chumba ni kimoja, anatembea toka ukuta huu mupaka ule. Baruti ya shimo ikilia, batoto banaruka bote pamoja. Anauliza, treni ni leo? Mi nasema kesho. Nimechoka kusema kesho. Kuja ukatukanwe, utasikia wimbo bila kistari.

Kaku yako,
Mbelu

Élisabethville, tarehe 6 mwezi wa tatu, 1958

Kaku,

Natumaini muko bazima bote. Usinikasirikie. Maandiko nimeyapeleka. Padri aliyasoma mbele yangu na kufurahi. Pale pa kutoka mulangoni niliandika kwamba baba akiwa mbali, mudogo yake anasimama pahali pake. Barua yako ilikuwa mufukoni mwangu nikiandika. Nilitaka tu iwe hivyo. Padri anasema ukurasa ule njo bora, maana hakuna aliyeandika neno hilo kabla yangu. Nyimbo nyingine zitageuzwa Kilatini, zisisomwe na kila mutu. Yatachapwa mwezi wa tano. Muningoje kidogo, nitakuja nikiwa musaidizi.

Mujukuu yako,
Stanislas

Musonoi, tarehe 14 mwezi wa tatu, 1958

Stanislas,

Leo sina salamu. Katekista alinisomea barua yako mara mbili, na Mianda alikuwa anasikia. Amefunga bitu yake. Jioni akasema: kama kitabu cha bazungu kinasema Kazadi anatosha, basi bamuite Kazadi.

Kilatini acha, mapadri baimbe. Lakini ukurasa ule uliuandika ili ukimbie mulango yako. Enda kuutoa.

Mbelu. Kaku yako, bado.

Élisabethville, tarehe 25 mwezi wa tatu, 1958

Kaku,

Mwambie Mianda afungue bitu. Nilienda kwa padri, nikasema ukurasa ule niliutunga. Akauliza tena, nikasema tena. Akanirudishia maandiko yote. Hakunitukana. Afazali angenitukana. Pahali pangu katika revue amepewa mwingine, na kazi ya musaidizi hakuitaja tena, na mi sikuuliza. Nimebaki karani.

Chef amenipa ruhusa ya Pasaka. Nitapanda treni. Shambuyi: neno hilo nililipiga kwa masini mara nyingi, sasa linanitia woga.

Mujukuu yako,
Stanislas

Musonoi, tarehe 30 mwezi wa tatu, 1958

Stanislas, tata, baba yangu,

Sasa njo nakusalimia. Kifua kizuri. Mbuyi ameanza kucheka, Kabanga anatunyima. Mianda alisikia barua yako, akasema tu: "Asinyoe ndevu kule, atanyoa hapa." Bitu bimefunguliwa.

Kazi uliyokosa inaniuma, siwezi kukudanganya. Nilitaka kukuona na kitabu kile mukononi. Nililia kidogo. Ngeleka, hiyo usiandike. Ameandika.

Ukifika, usikuje mulangoni. Simama kwa njia, pale bantu yote bakuone, uite jina ya bibi yako mara moja. Banamuke batatoka, mi mbele yao. Tutakutukana mupaka utafute ardhi ipasuke. Usijibu, usicheke, usiinamishe kichwa, na kalamu ikae mufukoni. Tukinyamaza, ingia, mushike Mianda mukono. Mbuyi mwachie yeye. We chukua Kabanga, njo muzito, na mutoke.

Kaku yako,
Mbelu