Macho ya Ng'ombe kwenye Mkutano wa Alhamisi

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zetu nyingi, za moto kama chai niliyoiweka hapa pembeni. U hali gani huko? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha, au bado mnaishi pamoja? Kazi inakwendaje? Na huyo mwenzako mnayekaa naye chumba kimoja, ameshajua kupika au bado anaunguza sufuria za watu? Sisi huku hatujambo. Mguu wangu huniuma mvua ikikaribia, shemeji yako amenenepa na hataki kuambiwa, na wapwa zako wanakua kwa fujo, kila nikigeuka kiatu kimebana.

Najua utajiuliza kwa nini barua, na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe hukatiza. Nikisema neno moja umeshasema matano, tena kwa sauti. Karatasi haikatizwi. Nampa jirani yetu dereva wa lori akuletee mkononi, kwa hiyo hata ikikuchoma, mkaribishe chai kwanza, ametoka mbali.

Habari yenyewe ni ya Mama. Usishtuke, ni mzima, yuko chumba cha pili anaimba. Lakini nataka niianzie mwanzo, nawe uisome mpaka mwisho bila kurukaruka kama ulivyokuwa ukisoma vitabu vya shule.

Tangu siku ile ulipomwambia, "Basi kaa na giza lako," Mama hakutaka tena kushika simu. Ulipopiga nilikuambia amelala, nawe ulijua hajalala, na mimi nilijua unajua. Nami nilikuwa upande wako, sikatai. Mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili, daktari amekubali, hospitali si mbali, na yeye jibu lake ni moja tu, "Sitaki." Anageukia cherehani yake, anapapasa uzi, akishindwa anamwita mtoto amtungie sindano. Nilibembeleza, nikanuna, siku moja nikampandishia sauti mpaka shemeji yako akanitoa nje. Hakubadilika.

Alianza kukaa ameelekea dirishani muda mrefu. Nikaona nisimwache peke yake, nikawa naenda naye Alhamisi kwenye mkutano wa klabu yetu ya huduma, hiyo unayoiita klabu ya wapenda biskuti. Bado tunakutana ghorofani, juu ya karakana ya seremala, na bado tunarudi nyumbani tunanuka vanishi. Utaratibu haujabadilika: aliyechelewa ndiye hupanga viti, kisha taarifa, kisha Dakika ya Furaha, ambapo kila mtu anasimama na kutaja jambo moja lililomfurahisha wiki hiyo, kisha mgeni anazungumza. Mwenyekiti ni yule mkandarasi mkubwa, Kifua Mbele. Mama alikuwa anakaa mstari wa nyuma, na ikifika zamu yake ya kutaja furaha anasema, "Niruke."

Sasa, Alhamisi moja mgeni alikuwa Mwalimu Sumaku. Huyu ni mama mmoja anayefundisha watoto sayansi baada ya saa za shule, katika chumba alichoazimwa ambacho hakina hata meza. Jina hilo amepewa kwa sababu chochote kilichotupwa kinamganda: balbu zilizoungua, chupa, redio mbovu, vyote vinaishia kwenye mkoba wake. Tulimwalika atuonyeshe watoto wanajifunza nini, tuone tutamsaidia vipi.

Akaja na ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, akaiweka mezani kando ya biskuti. Mhazini wetu, mfamasia, akadhani ni karanga. Alikuwa ameshaanza kufungua, mwalimu akamwahi mkono. Ndani mlikuwa na macho ya ng'ombe! Ameyachukua buchani asubuhi, na mwuza nyama alimwuliza ni nani amemkosea hata ampikie hayo.

Mkasi ulipogusa jicho la kwanza, simu ya Kifua Mbele ikaita. Hakuna aliyeisikia ila yeye mwenyewe. Akatoka haraka, jasho likimtiririka, akarudi wakati wa makofi.

Lakini alikosa mambo. Mwalimu alikata sehemu ya mbele, maji yakatoka, kisha akabinya taratibu na kidude kikateleza nje, kiangavu cha kung'aa, kama gololi laini. Akasema hiyo ndiyo lenzi. Akaiweka juu ya gazeti, herufi zikakua chini yake, sote tukasongamana kuangalia kama watoto. Kisha akachukua lenzi nyingine, akaitumbukiza kwenye kikombe, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa yetu ya chai. Alipoitoa ilikuwa imeingia ukungu, kama jicho la samaki aliyepikwa. Akaiweka kwenye gazeti, herufi hazikuonekana. Akasema si kwamba macho ya wazee yamechemshwa, ila ukungu wa mtoto wa jicho unakaa mahali hapohapo, kwenye lenzi, si pengine.

Akauliza kama kuna swali. Mkono wa Mama ukainuka kule nyuma.

"Mwalimu," akasema, "wakishalitoa jicho na kuliosha, wanalirudishaje?"

Watu wawili watatu wakacheka. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Akauliza, "Mama, nani alikuambia wanalitoa?"

"Shoga yangu wa sokoni. Alimwona mtu aliyemwona aliyefanyiwa. Wanalitoa, wanalisugua, wanalirudisha. Na wakati mwingine halikai sawa."

Kitinda, nilitamani sakafu inimeze. Muda wote ule tumemwambia operesheni ni fupi, haiumi, kila mtu anafanyiwa. Wewe umefoka, mimi nimefoka. Hata mmoja wetu hakumwuliza, Mama, unadhani wanafanya nini kule ndani?

Mwalimu akamshika mkono, akamleta mbele, akampa glavu. Mama akazikataa. Akasema siku hizi vidole vyake ndiyo macho yake, asivifunge. Akalichukua jicho lililokuwa zima bado, akaanza kulipapasa kwa ule utaratibu wake wa kukagua koti la mteja, nje kwanza, kisha kingo, kisha nyuma. Huko nyuma vidole vikasimama.

"Hiki kikamba ni cha nini?"

"Ni mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo," mwalimu akamjibu. "Ukikatika huo, hakuna daktari anayeweza kuuunga."

Mama akauvuta. Akauvuta tena kwa nguvu, unavyojua anavyojaribu kifungo kama kimeshika. "Kwa hiyo hili halitoki likarudi."

"Haliwezi. Daktari anapitia mbele, kwa tundu dogo. Anatoa ile lenzi yenye ukungu tu, anaweka nyingine safi. Jicho haliondoki mahali pake."

"Tundu kiasi gani?"

"Dogo kuliko tundu la kifungo cha shati."

"Na wanashona kwa uzi gani?"

"Mara nyingi hawashoni kabisa, Mama. Linajifunga lenyewe."

Hapo alikunja uso. Nadhani hilo la kutoshona ndilo lililomtia mashaka kuliko yote, yeye aliyeshona maisha yake yote. Lakini alirudi kwenye kiti chake, akafuta vidole kwa leso, akaomba biskuti. Nilimpeleka kunawa kwanza.

Tulipokuwa tunarudi alinishika kiwiko kama kawaida yake. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia hofu yake. Alinijibu tulipofika ukuta wa kiwanda. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza chumvi.

"La kushoto limekwisha siku nyingi," akasema. "La kulia bado linanipa kidogo. Mtu akisimama mlangoni namwona, namjua kwa mabega. Nikajiambia, wakilitoa hili wakakosea kulirudisha, siku mwanangu akija akasimama pale mlangoni, nitamwona na nini? Nikaona bora niliweke akiba."

Nilishindwa kutembea, Kitinda. Tulisimama pale ukutani, watu wanapita, mimi nalia kama mtoto na Mama ananipigapiga mgongoni kana kwamba ni mimi niliyekuwa kipofu. Ulidhani anashindana nawe. Ulidhani ni ukaidi wa uzee, na mimi nilidhani hivyohivyo. Kumbe alikuwa anakutunzia wewe mwanga wake wa mwisho, na aliona haya kukuambia, asije akaonekana anakulaumu kwa kukaa mbali.

Wiki iliyofuata alisema yuko tayari, ila jicho moja kwanza, la kushoto, lile ambalo hata likiharibika hajapoteza kitu. Daktari akakubali. Akaniapisha nisikuambie mpaka tujue mwisho wake, ndiyo maana ulipopiga siku ya operesheni nikakujibu amelala. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilisema kweli. Alikuwa amelala, jicho limefungwa bandeji, mkono wangu ameung'ang'ania hata usingizini. Mimi niliomba Mungu kwa maneno yote niliyonayo.

Asubuhi muuguzi akafungua bandeji. Mama akapepesa, akapepesa, akamtazama yule binti kwa muda. Neno lake la kwanza likawa, "Mwanangu, sare yako wameishona vibaya begani. Niletee nikurekebishie."

Anaona! Anaona mpaka kero. Amekuta vumbi juu ya kabati, amekuta mvi zangu nilizokuwa nazificha chini ya kitambaa, ameuliza shemeji yako anakula nini. Siku ya kwanza alikaa kwenye cherehani, akatunga uzi kwenye sindano, akauchomoa, akatunga tena, akauchomoa tena. Hakuwa anashona chochote. Niliondoka nikamwacha na furaha yake.

Alhamisi iliyofuata alikaa mstari wa mbele. Ilipofika Dakika ya Furaha akasimama kabla hajaitwa. Akasema furaha yake ni kumwona mwenyekiti, maana kwa sauti alidhani ni kijana. Tulicheka mpaka seremala akapanda ngazi kuuliza kuna nini, na aliyecheka kuliko wote ni Kifua Mbele mwenyewe. Seremala alipokuwa hapohapo tukamkabidhi kazi ya kutengeneza meza na rafu za chumba cha Mwalimu Sumaku. Na Mama ameshamshika mwalimu waende sokoni na ile ndoo, wamwonyeshe shoga yake, kwa sababu huyo naye macho yake yana ukungu na anaogopa hadithi aliyoisambaza mwenyewe.

Jana alinitaka nimwonyeshe picha yako kwenye simu. Nikaikuza mpaka uso ukajaa kioo. Aliitazama muda mrefu, kisha akanirudishia simu, akaenda kukaa nje.

Jambo lililobaki ni hili. Daktari alitaka kumpangia siku ya jicho la kulia, Mama akakataa. Nikadhani ile hofu ya zamani imerudi. Nikamvuta pembeni, nikamwuliza kama bado anaogopa. Akacheka, akasema hana hofu hata chembe, ila sababu yake atakuambia wewe mwenyewe. Nimembana, nimembembeleza, amekaza. Unamjua.

Shemeji yako anakusalimu sana. Wapwa zako wanamsalimu mjomba wao, na mdogo anauliza huko kuna ng'ombe au hakuna. Mama mdogo anakukumbuka kila siku katika sala. Mpe salamu mwenzako wa sufuria. Mungu akutangulie kila unapokwenda, akurudishie afya yako, na akulainishie ulimi, mdogo wangu, maana moyo wako ninaujua na sina shida nao.

Ni mimi dada yako akupendaye hata ukikatiza.

Mama amenyang'anya kalamu:

Mwanangu, huu ni mwandiko wangu mwenyewe, sikuandikiwa. Umekonda, na nyusi zimekuwa za baba yako. Hasira sina, wala sikuwa nayo. Hili la kulia nimeliambia lisubiri. Ulitaka niende hospitali. Sasa nataka. Njoo unipeleke wewe.