Rais wa Siku Hamsini na Nyumba ya Kukhu

Sanduku la Posta 73,
Naitiri.
20 Novemba 2006

Mpendwa kaka Wabwile,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Gaborone, na kwamba kifua chako kimepoa. Sisi tu wazima, ila mimi nimekasirika, na heri nikuambie mapema usije ukaushangaa mwandiko.

Kukhu, bibi yetu sote, tulimzika vizuri Jumamosi tarehe nne. Watu wa Kabuchai walikuja lori zima, wakalia, wakala, wakausifu mchele. Shida ilianza siku ya tatu, siku ya wafiwa kunyolewa, ukoo ulipoketi kugawa alichoacha marehemu.

Unajua kwetu kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya mama. Basi baba mdogo Tonny alikuja kutoka Endebess na kamba ya kupimia. Ana nyumba yake kule, hapa hataki kulala hata siku moja. Anataka kubomoa apande mahindi. Na senge Edah, dada yao, aliyerudi kutoka ndoani akamuuguza mama yake miaka kumi na moja? Aliuliza mwenyewe mbele ya watu: "Kule walinifukuza. Sasa na hapa nifukuzwe, niende wapi, bana?"

Wote tukamgeukia Jaji. Tangu Baba afariki, huyu baba mdogo Muyundo ndiye mkubwa wetu, na neno la mkubwa siku hiyo halipingwi. Tena si mtu wa kubabaika. Alianza kama karani wa mahakama Bungoma, akawa hakimu, akawa jaji, akaajiriwa kuwa jaji mkuu katika kile kisiwa chake. Rais wao alipofariki, katiba yao ikamkalisha yeye kitini mpaka uchaguzi. Siku hamsini! Aliwarudisha kazini wauguzi waliogoma, akawakatalia waliomtaka aongeze muda, akakabidhi nchi na kurudi Kitale na sanduku moja. Kukhu alizoea kumuuliza, "Kwani hiyo nchi haikuwa na wenyewe?" Mpaka leo Kagwe wa duka la mbolea humwita Rais, naye hujifanya hapendi.

Basi Rais wetu akasimama, akavua kofia. "Mimi niko na maslahi hapa," akasema. "Marehemu ni mama yangu, hawa wawili ni ndugu zangu. Siwezi kuamua hii kesi. Najitoa." Akaketi!

Wabwile, nililia kwa hasira. Katika ukoo, nani si ndugu? Nilimfuata mpaka kwenye gari nikamwambia ameogopa. Alijaribu ufunguo mara tatu ndipo mlango ukafunguka, nikamhurumia kidogo, lakini hasira haikuniisha.

Tonny ameshang'oa mabati ya jikoni. Senge anapikia nje, na mvua ikinyesha anakuja kwangu na sufuria yake.

Kikao kimepangwa upya Jumamosi tarehe 16 Desemba. Mkubwa akijitoa, kiti kinamwendea mtoto wa kwanza wa ndugu aliyemtangulia. Ni wewe. Jaji mwenyewe ameandika karatasi, akatia sahihi na tarehe: Wabwile, kaimu. Usiniandikie kwamba huna likizo, wala usitume mtu. Usipofika, nyumba ni ya Tonny.

Nisalimie shemeji na watoto. Binti zangu Phelista na Rispah wanakusalimu, na Mungu akufungulie njia. Senge pia anakusalimu. Hakuniagiza neno lingine, ila ameanza kufunga nguo zake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Nabwile