Kamanda na Swali la Kuzimia

S.L.P. 62,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Sisi huku ni wazima, ila mimi nina hasira isiyo na dawa, na aliyeniletea ni mpwa wako.

Unamjua Kamanda. Tangu umpe jina hilo, siku ile alipotupangia viatu mlangoni kwa safu, hajataka kitu kingine ila chuo cha jeshi. Mitihani amefaulu. Mbio amewaacha wavulana nyuma. Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya, na hapo ndipo ulimi wake ulipomponza.

Walipewa maswali ya kujaza kuhusu maradhi waliyowahi kuugua. Wenzake wakaandika hapana, hapana, mpaka chini, wakaenda zao kunywa chai. Wangu akabaki pale anakumbuka. Akaandika kwamba aliwahi kuzimia. Nani alimuuliza? Haya, waliuliza, lakini mtoto mwenye akili anajua maswali ya namna hiyo yanajibiwaje.

Sasa wanasema aliyewahi kuzimia hapokelewi, mpaka bodi ya madaktari impe kibali maalumu. Moyo umepimwa, kichwa kimepimwa, vyote safi. Nimekalia mabenchi ya hospitali yao hadi mlinzi ananiuliza habari za nyumbani. Kila dirisha linanituma dirisha jingine. Juzi daktari wa bodi, mwanamke mpole wa kuudhi, akaniambia, "Mama, vipimo havina shida. Tunamtaka mtu aliyemwona akianguka."

Nilipomlalamikia shemeji yako, hakuacha hata kupiga randa ubao wake. "Si wewe uliyekuwa unamchapa akisema uongo?" Ni kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Aliyemwona ni wewe peke yako. Siku tuliyomzika mama mimi nilikuwa ndani na wanawake. Wewe ndiye uliyemdaka pale juani. Waandikie kama alikuwa ametia kitu tumboni, kama alitetemeka, na kama alizinduka upesi. Bodi inakaa mwisho wa mwezi huu. Mwakani umri utakuwa umempita, na hapo hakuna kibali kitakachomsaidia.

Katika ule mstari uliokatwa hapo juu nilikuwa nakuomba useme aliteleza tu. Kamanda ameisoma barua, akaniletea kalamu, akasimama kando yangu mpaka nilipoukata. Anasema kama hawamtaki alivyo, atakaa hapa ashone nguo na mimi. Kisha akaenda chumbani kwake, nikamsikia analia.

Basi andika kama ulivyoona, mdogo wangu, usiongeze wala usipunguze. Ila andika leo.

Nisalimie wifi yangu na wale mapacha. Waambie shangazi yao hajawasahau, amekasirika tu. Mungu akulinde ugenini, na huo ukweli wako aufikishe mapema.

Wako akupendaye,
Dada yako.