Sitaomba Radhi kwa Kusema Ubaguzi

Masakta, Hanang

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Huku mimi na watoto ni wazima, ila moyo umechemka.

Nimepata ujumbe wako kwamba mwenyekiti wa kikundi chetu cha mashine amekupigia simu kunishtaki kuwa nimemtukana, na unataka niombe radhi. Mama, sikutukana. Nilisema neno moja tu: ubaguzi. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Kupukuchua mahindi huku ni kwa zamu. Siku ya kaya moja, kaya nyingine zinatoa watu wawili wawili kusaidia. Mimi ni wa kumi na tano kwenye daftari. Nimetoa watu mara kumi na nne, sijakosa hata siku moja. Ilipofika zamu yangu, mashine ikapita mlangoni kwangu ikaenda kwa wa kumi na sita. Halafu wa kumi na saba. Nikamwuliza mwenyekiti, akacheka: "Mama Paulo, tuwamalize kwanza wenyewe. Nyie watu wa Mbulu si mnajua kuvumilia bwana!"

Miaka kumi na moja nalima hapa. Mume nimemzika hapa. Wenyewe ni akina nani?

Nikamwambia huo ni ubaguzi. Akang'aka: "Acha maneno ya redioni! Ubaguzi ni wa Wazungu na watu weusi. Hapa nani mzungu?"

Sasa mama, mashine ingeharibika ningesema bahati mbaya. Ningechelewa, ningesema kosa langu. Lakini kumruka mtu aliyetimiza kila kitu, kisa alikotoka, kuna jina lingine? Anasema nikilifuta neno mbele ya kikao, Jumatatu napewa mashine. Na anajua dumuzi wameshaanza kutoboa mahindi yangu; unga unadondoka chini ya rundo.

Nimepiga hesabu. Magunia arobaini, mimi na wanangu wawili kwa fimbo, matano kwa siku: siku nane. Dumuzi watakula mawili, labda matatu. Acha wale tu. Tumeanza leo, viganja vyote malengelenge. Na mwenyekiti katuma mtu kuuliza mbona sijatoa watu kwa wa kumi na nane, eti nawatenga wenzangu!

Nisalimie baba mdogo anayekulimia, na shangazi wa kwaya. Kaka mkubwa akisema nimewaaibisha, msomee barua hii yote, asirukie mwisho.

Ni mimi mwanao, ambaye hajamtukana mtu,
Veronika