Chai ya Maziwa na Chaki ya Fundi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na nyingine za kelele kutoka kwa mwanao Kifungo, anayenisukuma kiwiko niandike kwamba jino lake la mbele limeng'oka. Haya, nimeandika. Vipi hali yako huko kambini? Mgongo umepoa? Na hao wajenzi wa barabara bado wanalalamika kwamba wali wako una mawe? Mimi mzima. Cherehani inakohoa, lakini inashona.

Najua unachosubiri. Ulisema chumba cha familia umeshapewa, ila humchukui mtoto mpaka apone kabisa, kwa sababu hospitali iko mbali na kambi. Basi ngoja nianzie pale nilipokuficha mambo ili usikose usingizi.

Tangu mvua zilipoanza, Kifungo hakupata nafuu ya maana. Kikohozi kikiondoka, sikio linatoa usaha; sikio likikauka, kifua kinarudi. Watoto wa jirani walishikwa na mafua yale yale wakayamaliza huku wanarukaruka. Yeye alilala tu juu ya marobota ya vitambaa, viganja vimepauka, hana hata hamu ya kunigombeza. Hapo nikaogopa, maana unamjua mwanao na mdomo wake. Halafu chaki zangu za kuchorea nguo zikaanza kupotea. Nikamtuhumu panya, nikatega mtego, ukaninasa kidole mwenyewe. Siku moja nikamkuta Kifungo chini ya meza ya kukatia, midomo ya bluu, anatafuna chaki taratibu kama biskuti.

Nikambeba mgongoni hadi hospitali. Daktari wa watoto, mama mmoja asiye na mzaha, alimfunua kope, akaagiza damu ipimwe, kisha akaniambia mtoto ana upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma, na hata kutafuna chaki mara nyingi hutokana na hilo. Nikamwambia mimi nimeleta kikohozi na sikio, sikuleta damu. Akanieleza kwamba yote ni mamoja: zile chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu nazo zinahitaji chuma. Kikipungua, zinachelewa kuongezeka ugonjwa unapoingia, na hata zikivimeza vijidudu zinakosa nguvu za kuviua. Ndiyo maana kila ugonjwa unaopita mtaani ulikuwa unaingia kwake bila kupiga hodi.

Tukapewa dawa ya maji. Mwanao akaitemea ukutani. Nikapata ujanja: nikaichanganya kwenye chai ya maziwa, ile tunayokunywa pamoja jioni nikimaliza kushona, yeye na kikombe chake kilichovunjika mkono. Akanywa yote, nami nikajiona bingwa. Tuliporudi kupimwa, damu haikuwa imepanda hata kidogo. Daktari akaniuliza dawa nampaje. Nilipomweleza alivua miwani, akasema chai na maziwa vinazuia chuma kisiingie mwilini, kwa hiyo nilikuwa nampa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Dada, nilitamani sakafu inimeze.

Tangu siku hiyo dawa anainywa na maji ya machungwa. Anakula maharage, mboga za majani, na maini yakipatikana. Chai hapana. Mimi nakunywa peke yangu, naye namtuma acheze nje asije akaitamani. Huwezi kuamini kikombe kimoja kinavyochelewa kuisha.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Barua hii nimeianza mara nyingi. Katika mojawapo niliandika kwamba daktari anataka tungoje mpaka mwisho wa mwaka. Nikaichana, kwa sababu ni uongo. Ukweli ni kwamba damu imepanda vizuri. Mafua ya juzi ameyamaliza kama wenzake, chaki zangu zote zipo, na daktari amesema anaweza kusafiri, mradi aendelee na dawa mpaka imalizike. Nililia pale pale mbele ya wauguzi. Walidhani ni furaha, na furaha ilikuwepo, lakini si yote. Kabla hujaniachia mtoto huyu, nilikuwa nikifunga duka naweza kukaa siku nzima ya mapumziko bila kusikia hata sauti yangu mwenyewe. Naogopa kurudi huko.

Njoo umchukue mwanao, na usikawie, nisije nikaandika tena ile barua niliyoichana. Nimemshonea gauni la safari. Upindo nimeuacha mpana ili uwe unaufungua kadiri anavyorefuka, maana mimi sitakuwepo kumpima.

Wasalimie wapishi wenzako, na ule mgongo usiubebeshe masufuria. Kifungo nimeshamwambia kwamba unakuja. Ameruka mpaka akaangusha kopo la vifungo, na tulipokuwa tunaviokota akaniuliza mimi nitalala upande gani wa chumba chenu. Jibu utampa wewe ukifika.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi