Kilima cha Kushukia

Baba Kulwa,

Mwangaluka. Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari itakayokuchekesha: mkeo anaendesha baiskeli.

Ndiyo, mimi! Mimi niliyekaa kwenye keria yako miaka yote ya ndoa, miguu upande mmoja, mkono kiunoni mwako. Unanishusha jikoni mwa shule pale Segese niwashe moto wa uji, halafu unaendelea kwenye useremala wako. Usukani sikuwahi kuushika. Wa nini, na dereva nilikuwa naye?

Ulipotuacha nikawa naenda kazini kwa miguu. Nilichelewa mpaka nikaona aibu kuomba radhi. Baiskeli imeegemea ukuta tu, tairi hazina upepo. Ndipo mdogo wako Masanja akaja, akaizunguka, akabonyeza tairi. "Shemeji, chombo kisichotembea kinaoza. Kama hakuna wa kuiendesha, naipeleka Nkome ikabebe dagaa." Dagaa, Baba Kulwa! Kwenye keria yangu! Nikamwambia yupo wa kuiendesha. Akauliza nani. Nikasema mimi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nikavaa suruali yako ya kaki chini ya kitenge, kwa ajili ya lile bomba la katikati, na Kulwa akanishikia keria. Binti yako ni mwongo kama wewe. "Nimekushika mama, nimekushika," kumbe kaniachia zamani, nami huyoo, kwenye jaruba la mpunga! Nilitoka na tope mpaka masikioni. Kilichonitesa zaidi ni kukata kona. Nilikuwa nangoja wewe uiname kwanza ndipo na mimi niiname.

Kikabaki kile kilima cha kigangoni. Kila asubuhi, palepale chini: "Mama Kulwa, shuka, tusije tukaiua baiskeli." Unasukuma ukiwa kushoto, natembea kulia. Nyumbani ulikuwa mtu wa kuguna tu, lakini kilimani ulisema yote. Pale ndipo uliposema Kulwa lazima asome, hata kama tutakula mlenda mwaka mzima. Pale ndipo uliponiambia kwa mara ya kwanza kwamba kifua kinakubana.

Siku moja nikakipanda chote bila kushuka. Kufika juu, nikafungua mdomo nikuringie. Mbele yangu hapakuwa na mgongo wako. Nililia, Baba Kulwa. Nililia barabarani kama mtoto, watu wanapita wananipa pole, wanadhani nimeanguka.

Tangu hapo nikawa nashuka pale chini, nasukuma, nakupa habari za nyumbani. Mpaka juzi, Masanja akanikuta katikati ya kilima nasukuma. "Si nilisema? Imekushinda. Jumamosi naichukua."

Niliigeuza, nikairudisha mpaka chini kabisa, nikakaza kitenge, nikapanda. Iii, mapafu yaliwaka moto! Nilipompita nikampigia kengele. Sikugeuka, lakini nilimsikia huko nyuma: "Basi shemeji, basi! Ni yako!" Jioni alikuja nyumbani na pampu, akaijaza upepo mwenyewe. Anaguna kama wewe.

Kesho yake asubuhi nilishuka tena.

Sasa nikuache upumzike, mume wangu. Nakuahidi cheni haitakosa mafuta, Kulwa atasoma, na dagaa hawatapanda ile keria nikiwa hai. Ila kilima usitegemee nikipande juu ya baiskeli, ingawa naweza, na Masanja ni shahidi. Nitashuka palepale ulipokuwa unanishusha. Upande wako wa kushoto nasukuma mimi sasa. Ule wangu wa kulia nimeuacha wazi.

Mkeo,
Mama Kulwa